Picha ya Ini na Neno la Mgonjwa

Katika bonde la Kilombero, tumbo la mtu likianza kuvimba hukumu hufika kabla ya tabibu. Mgonjwa hajakanyaga zahanati, majirani wamekwisha kusema. Kama ni mwanamume aliyezoeleka kilabuni, watasema gongo imemmaliza. Kama ni mwanamke asiyeonekana kilabuni, watasema anakunywa kwa siri. Kama ni mkulima ambaye mpunga wake umestawi kuliko wa wenzake, watasema ametupiwa kitu. Sisi tuliopewa kazi ya uchungaji huku mara nyingi tunaitwa tumbo likiwa kubwa, macho yakiwa ya manjano na miguu ikiwa imejaa maji. Tunaitwa kuomba. Wakati mwingine tunaona kwamba tumeitwa pia ili tuithibitishe hukumu.

Siku hizi limeongezeka neno jipya katika mazungumzo hayo: picha. "Mpelekeni Ifakara akapige picha, itajulikana tu." Neno hili limeleta tumaini kwa wengi, maana zamani mtu wa ng'ambo ya mto alisubiri kivuko akiwa na maumivu yake, na leo anavuka kwa Daraja la Magufuli na kufika mjini siku hiyohiyo. Lakini tumewasikia pia wanaolitamka kama tishio, kana kwamba mashine ya hospitali ni mpelelezi atakayemfichua mnywaji. Ndiyo sababu tumeona vema kuwaandikia washarika juu ya jambo hili. Tuulize pamoja: picha ya ini inasema nini, na inatuachia sisi kusema nini?

Wengi wetu tunaijua altrasaundi kama kipimo cha wajawazito. Wanaume wengine huona haya kukaa kwenye benchi moja na akina mama wenye mimba, nao hurudi nyumbani bila kupimwa. Lakini mashine inayomwonyesha mtoto tumboni ndiyo inayoonyesha ini, figo na bandama. Mwaka 1895 Röntgen alipogundua eksirei, watu walishangaa kuona mifupa ya mtu aliye hai. Eksirei ya kawaida, hata hivyo, haionyeshi vizuri viungo laini kama ini. Ilipofika mwaka 1958, daktari Ian Donald na wenzake kule Glasgow walichapisha picha za ndani ya tumbo zilizopatikana kwa mawimbi ya sauti. Walikuwa wameanzia na mashine ya viwandani, ya kutafutia nyufa ndani ya chuma.

Kazi yake si ngumu kuelewa. Mgonjwa huambiwa asile kwa saa sita hadi nane, kisha hulala chali na kupakwa jeli ya baridi tumboni, ili hewa isibaki kati ya ngozi na kifaa. Kifaa hutoa sauti ambayo sikio la mwanadamu haliwezi kuisikia, mitetemo mamilioni kwa sekunde, halafu husikiliza mwangwi unaorudi. Ni kama mtu anayesimama Mang'ula akapaza sauti kuelekea milima ya Udzungwa na kungoja irudi. Kutokana na mwangwi huo mashine huchora picha ya weusi na weupe.

Mgonjwa mmoja aliomba tukae naye chumbani wakati wa kipimo, na mtaalamu akakubali. Alikuwa binti kijana, mpole kwa wagonjwa.

"Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji," alisema. "Mzee mwenyewe ameniruhusu nikuonyeshe. Hili hapa ni ini, na hii chini yake ni figo ya kulia. Ini zima na figo hukaribiana rangi. La mzee limekuwa jeupe kuliko figo. Haya ni mafuta."

Sisi tuliona ukungu tu. Yeye aliona ini lililoanza kuelemewa. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na ndani yake halina mishipa ya kuhisi maumivu. Kinachouma ni ngozi nyembamba inayolizunguka, pale inapovutwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuliumiza ini lake kwa miaka mingi huku akilima, akivuna na kuimba kwaya. Karibu kila anayekunywa sana kwa muda mrefu hupata mafuta kwenye ini. Wengine ini huvimba na kuwaka ndani. Kati ya watu 10 na 20 kwa kila 100 wanaokunywa hivyo hufikia makovu, ugonjwa ambao madaktari huuita sirosisi. Hapo picha huonyesha ini lenye uso wa vinundu, bandama iliyokua, na maji tumboni.

Habari njema imo katika hatua ya kwanza. Mafuta yaliyoletwa na pombe yanaweza kuondoka ndani ya wiki chache mtu akiacha kunywa. Makovu hayafutiki kirahisi hivyo, lakini hata mwenye makovu akiacha pombe huongeza siku zake. Naye huhitaji kupigwa picha kila baada ya miezi sita, kwa sababu saratani ya ini hupenda kuanzia kwenye makovu, na ikionekana ingali ndogo kuna la kufanya.

Hata hivyo macho ya mashine yana mipaka. Mafuta yakiwa machache altrasaundi haiyaoni, na makovu ya mwanzo huipita. Katika hospitali chache kubwa kuna mashine ya FibroScan, ambayo hugonga ubavuni taratibu na kupima jinsi mtetemo unavyosafiri ndani ya ini, maana ini gumu huupitisha haraka kuliko ini laini. Hiyo nayo ina udhaifu wake: mtu aliyetoka kunywa sana, ini lake likiwa limevimba, anaweza kupata kipimo cha juu kuliko hali yake halisi ya makovu. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba picha ni nzuri asichukue maneno hayo kama kibali cha kurudi kilabuni.

Kuna mpaka mwingine, nao ndio uliotufanya tuandike. Picha haisemi ni nini kilicholiumiza ini. Mafuta ya pombe na mafuta ya kisukari au unene yanafanana. Makovu ya pombe na makovu ya homa ya ini aina ya B yanaweza kuwa na vinundu vilevile. Bandama kubwa, katika bonde letu, inaweza kutokana na malaria iliyomrudia mtu mara nyingi. Watafiti waliokuja Ifakara kutoka Uswisi tangu miaka ya 1950 hawakuvutwa na jambo dogo. Maji tumboni yanaweza kuletwa na moyo uliochoka, na figo, na saratani, au na kifua kikuu kilichoshuka tumboni. Vipimo vya damu husaidia kutenganisha haya, ila havimalizi yote. Tulipomwuliza yule binti kama mashine yake inaweza kumtambua mlevi, alitabasamu.

"Mashine inaniambia ini likoje, Baba. Alichokunywa, na kwa miaka mingapi, hayo anayajua mwenyewe. Lazima aseme."

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiwatazama watu wetu wawili kwa namna mpya. Wote wawili wameturuhusu tuandike habari zao, tukiacha yale yanayowatambulisha.

Wa kwanza ni mama mjane. Zamani alipika komoni na kuuza ili watoto wake wasome, kisha akaacha kazi hiyo. Tumbo lake lilipovimba, ile kazi ya zamani ilifukuliwa. Walisema alikuwa akionja kila alichopika na sasa analipa. Wenzake katika ibada za nyumba kwa nyumba walipunguza kwenda kwake. Picha ilipopigwa, ini lake lilionekana laini usoni, bila vinundu. Kulikuwa na maji na tezi zilizovimba ndani ya tumbo. Daktari alivuta maji hayo kwa sindano, akiongozwa na picha, na baada ya vipimo ikajulikana kuwa ni kifua kikuu. Mama alimeza dawa miezi sita na tumbo likarudi mahali pake. Dawa ilikuwapo na ilitolewa bila malipo. Kilichokaribia kumwua ni wiki nyingi alizokaa ndani akiogopa kwenda hospitali, kwa sababu aliona kwamba kwenda kupima ni kukubali maneno ya watu.

Wa pili ni mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimika, na ndiye aliyetukaribisha katika chumba cha picha. Yeye hakuna aliyemshuku. Alikwenda hospitali kwa uchovu na shinikizo la damu. Picha ilipoonyesha mafuta kwenye ini, daktari alimwuliza kwa upole, "Mzee wangu, unatumia kilevi?" Alijibu haraka, "Hapana, daktari. Mimi ni mzee wa kanisa." Daktari akaendelea kutafuta. Akapima kisukari, hakuna. Akapima homa ya ini, hakuna. Ikabaki safari ya Dar es Salaam kwa vipimo vikubwa zaidi, na familia ikaanza kuhesabu magunia ya mpunga ya kuuza ili kupata nauli na gharama. Usiku mmoja mzee alikuja nyumbani kwetu. Alikaa kimya mpaka chai ikapoa.

"Mchungaji," alisema, "nakunywa. Nakunywa tangu nilipozika mke wangu. Daktari nilimdanganya. Nikisema, nitatengwa."

Washarika wapendwa, tulitafakari sentensi hiyo siku nyingi. Mzee hakuogopa kufa kama alivyoogopa kutengwa na Meza ya Bwana. Alikuwa tayari kuuza chakula cha watoto wake na kusafiri mamia ya kilomita ili mashine kubwa itafute kitu ambacho yeye mwenyewe angeweza kukitaja kwa neno moja. Kwa hiyo ugonjwa wake ulikuwa na sehemu mbili. Moja ilikuwa kwenye ini, na altrasaundi iliiona. Nyingine ilikuwa kwetu, katika usharika wake, na hakuna mashine itakayoionyesha.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni juu ya mwenye dhambi: ni yeye au ni wazazi wake? Bwana hakuwafuata katika uchunguzi huo. Aligeukia kazi ya Mungu iliyopaswa kufanyika kwa mtu yule, akafanya tope, akampaka macho. Sisi hupenda kubaki kwenye swali la wanafunzi. Kwa yule mjane swali hilo lilitupa jibu la uongo. Kwa yule mzee lilimfunga kinywa mwenye jibu la kweli. Swali lilikuwa moja, na nyumba zote mbili zilikaribia kupata msiba.

Kuna atakayesema: Mchungaji, mnataka kusema ulevi si dhambi? Hapana. Tumeona ada za shule zikiishia kilabuni baada ya mavuno, tumeona wake wakipigwa, na tumezika vijana waliokunywa gongo, ambayo kuitengeneza na kuiuza ni kuvunja sheria. Viroba vilipopigwa marufuku nchini mwezi Machi 2017, tulishukuru. Tunajua pia kwamba Katharina von Bora, mke wa Luther, alipika bia nyumbani kwake Wittenberg, kwa hiyo hatuwezi kuhubiri kwamba shetani anakaa ndani ya pipa. Na wale wanaotukumbusha ushauri wa Paulo kwa Timotheo juu ya tumbo lake, huwa wanasahau kwamba mtume alitaja mvinyo kidogo, wala hakutaja galoni.

Chuoni tulifundishwa kwamba mwaka 1518, kule Heidelberg, Luther alimtambua mwanateolojia wa msalaba kuwa ni yule anayeita jambo kwa jina lake. Tulijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama zetu. Katika bonde hili tumejifunza gharama yake. Kuita jambo kwa jina lake ni kusema kwamba ulevi ni dhambi na ni ugonjwa, na kwamba jina moja halifuti jingine. Ni kusema pia kwamba tumbo lililovimba halina jina mpaka lipimwe, na kwamba mtu hataji lililo lake mahali ambapo mawe yameshaokotwa. Kanisa letu limerithi ungamo. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 fundisho la maungamo limewekwa karibu kabisa na Meza ya Bwana. Nalo lina sehemu mbili: mtu anaungama, kisha anapokea ondoleo. Tukiidai sehemu ya kwanza huku tumeificha ya pili, tutazalisha waongo wacha Mungu, na madaktari wetu watatibu magonjwa yasiyo yenyewe.

Tulimwambia mzee kwamba alilotuambia limefunikwa, na kwamba halitafika kwenye baraza la wazee kwa midomo yetu. Tukamtangazia ondoleo. Kesho yake tuliongozana hadi hospitali naye akamwambia daktari mwenyewe, kwa maneno machache. Safari ya Dar es Salaam haikuhitajika tena.

Daktari alisema jambo ambalo kila mwinjilisti anapaswa kulijua. Kwa kuwa mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka kila asubuhi kabla hajanywa, alimkataza kuacha pombe ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na wapo wanaokufa kwa hilo. Alilazwa siku chache chini ya uangalizi. Basi, mtu akitoka mbele madhabahuni Jumapili na kusema ameacha pombe leo, tumshangilie na kumwombea, lakini Jumatatu asubuhi mtu amsindikize kwa tabibu. Imani yake haitapungua kwa kupimwa.

Kutokana na hayo tumeanza kubadili mambo machache katika usharika wetu, na tunayaweka mbele yenu myapime. Kwanza, wasifu wa marehemu usomwapo makaburini, hatuongezi mafumbo juu ya kilichomwua. Aliyekufa hasikii fumbo. Husikiwa na mwanawe, ambaye naye anakunywa, na linamfundisha kuficha. Pili, jambo ambalo mgonjwa amelisema kwa tabibu au kwa mchungaji haligeuzwi kuwa shauri la nidhamu. Nidhamu ya kanisa ipo kwa ajili ya kumrudisha mtu kundini, na huyu ameshaanza kurudi kwa miguu yake. Tatu, tunahimiza watu wazima wapime homa ya ini aina ya B. Watoto wa Tanzania wamekuwa wakipata chanjo yake tangu mwaka 2002, lakini wengi wetu tulizaliwa kabla ya hapo, na mwenye virusi hivyo akinywa pombe huliumiza ini lake mara mbili. Nne, akina mama wanaopika pombe kwa sababu ya ada za shule hatuwakaripii kabla ya kukaa nao na kutafuta kazi nyingine. Hilo la nne linakwenda polepole kuliko yote.

Yule mjane sasa anawasindikiza wagonjwa wengine kupima, hasa wanaume wanaoona haya kukaa benchi moja na wajawazito. Huwaambia wakae karibu naye, watadhaniwa wamemleta yeye. Mzee alipigwa picha ya pili baada ya miezi kadhaa, na ini lake lilikuwa limekaribia rangi ya figo. Ameanguka mara moja tangu hapo, wakati wa arusi ya mwanawe. Alfajiri ya siku iliyofuata alibisha hodi kwetu na kusema lililotokea kabla hatujamwuliza. Tulivaa viatu, tukaenda naye kwa daktari.